Kupima Farasi na Mpandaji Kabla ya Derby ya Epsom

Derby hukimbiwa Epsom, kusini mwa London, na mshindi wa kwanza alipatikana mwaka 1780. Farasi huipata mara moja tu maishani, akiwa na miaka mitatu. Kwa hiyo anayetaka kumjua mshindi mapema hana Derby ya mwaka jana ya kulinganisha. Kazi yake ni kumsoma mnyama ambaye bado anakua, kisha kumsoma binadamu atakayekaa mgongoni mwake.

Wajuzi huanza na ardhi. Njia ina mita zipatazo 2,400, na tangu mwanzo farasi wanapanda kilima. Wakifika juu wanaanza kushuka huku wakikata kushoto, hadi kona ya Tattenham. Njia ikinyooka, bado ardhi imelala upande na inawavuta kuelekea uzio wa ndani. Karibu na mwisho inapanda tena kidogo, wakati pumzi imekwisha. Farasi anayetamba kwenye uwanja tambarare anaweza kuyumba hapa, akapoteza hatua zake.

Ndiyo maana mbio za majaribio husomwa kwa utulivu. Zile za Guineas, Newmarket, ni za maili moja tu; zinaonyesha kasi, lakini hazisemi kama farasi ataimudu nusu maili ya ziada. Hilo huulizwa kwa wazazi wake: walishinda masafa gani? Chester nako uwanja ni mdogo, kona baada ya kona, kwa hiyo anayeumudu ameonyesha kwamba ana miguu myepesi. Mwaka 1981 Shergar alishinda huko kwa pengo la urefu wa farasi 12. Alipofika Epsom alishinda kwa 10, pengo ambalo halijafikiwa tena katika Derby. Lambourn, mshindi wa 2025, naye alitokea Chester.

Msomaji mzuri wa farasi hamfuti mnyama kwa siku moja mbaya. City of Troy aliingia Guineas ya 2024 akitarajiwa kuliko wote, akamaliza wa tisa. Mkufunzi wake, Aidan O'Brien, hakubadili nia. Alimrudisha katika Derby wiki chache baadaye, Ryan Moore akiwa mgongoni, na wakashinda. Mwaka mmoja kabla, Auguste Rodin alipita njia hiyohiyo: alifanya vibaya katika Guineas, akatamba Epsom.

Kwa upande wa wapandaji, kipimo bado ni Lester Piggott. Alishinda Derby mara 9, ya kwanza mwaka 1954 akiwa na miaka 18, ya mwisho 1983. Alikuwa mrefu kuliko wapandaji wengi, hivyo maisha yake yote ya kazi aliyapitisha akijinyima chakula ili uzito usimzidi. Pale Epsom ustadi wake ulianza mapema, kabla watazamaji hawajaanza kupiga kelele. Alitafuta nafasi yake kilimani, kama dereva wa lori kwenye mlima Kitonga anayeshusha gia kabla ya mteremko. Farasi wake alishuka ametulia, na nguvu ikaombwa kwenye mnyoofu.

Kukosea nafasi hapo kuna gharama. Mwaka 1986 Dancing Brave alikuwa na kasi kuliko wenzake, lakini Greville Starkey alimweka nyuma mno. Alipomwachia, farasi aliruka kama upepo, akashindwa na Shahrastani kwa nusu urefu wa farasi. Aliyempanda Shahrastani ni Walter Swinburn, yuleyule aliyekuwa na Shergar akiwa na miaka 19. Oktoba ya mwaka huo Dancing Brave alishinda mbio kubwa za Arc jijini Paris, na Shahrastani alikuwa miongoni mwa walioachwa nyuma. Mwaka 2020 ikawa kinyume: Emmet McNamara alitangulia na Serpentine, wengine wakawa wanasubiriana, na walipozinduka farasi huyo ambaye wachache walimdhania alikuwa ameshajiendea.

Kwa hiyo swali la mwisho kabla ya mbio ni hili: nani ataongoza, na nani atakuwa tayari kumfuata? Jibu huweza kubadili hesabu zote za nasaba na majaribio.

Mimi ningechagua kwa mpangilio huu: pumzi kwanza, utulivu pili, mpandaji anayejua pa kuwa juu ya kilima awe wa tatu, na kasi ya nne. Nairobi nako, katika uwanja wa Ngong, Kenya ina Derby yake. Ukienda, usianzie kwenye dirisha la dau. Nenda kwanza wanakotembezwa farasi, umtazame kila mmoja anavyotembea, kama ametoka jasho kabla ya kazi, na kama anamsikiliza aliye mgongoni. Dau linaweza kusubiri.