Mfarishi wa Kabongo: Uhakiki wa Kazi ya Viraka

Makala haya yanahakiki kazi moja ambayo haikuandikwa, haina jina la mtungaji na, kama itakavyoonekana mwishoni, haipo tena katika umbo lake kamili. Ni mfarishi wa viraka ulioshonwa Kabongo, katika jimbo la Haut-Lomami, na nkambo wangu, yaani nyanya mzaa mama. Nautaja ujamaa huo mapema ili msomaji aupime upendeleo wangu apendavyo. Nilipoutandaza mbele ya wanafunzi wa mwaka wa pili, mwenzangu mmoja aliniambia kwa upole kwamba nimekosea chumba: kitu kama hicho mahali pake ni jumba la makumbusho, si darasa la lugha na fasihi. Sikumjibu siku ile. Namjibu hapa.

Tuanze na neno lenyewe. Leo tunapotaja sanaa, mawazo yetu yanakwenda kwenye ushairi, riwaya, uchoraji na ngoma. Hata hivyo, neno hili limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutengeneza, na kamusi za zamani za Kiswahili zimelieleza kwa kulitaja pamoja na ufundi wa mikono. Seremala alikuwa na sanaa, mhunzi vilevile, na mfumi vilevile. Mpaka unaotenga “sanaa” upande huu na “kazi za mikono” upande ule umechorwa baadaye, pamoja na mitaala ya shule na mpangilio wa idara. Hatuna budi kuujua mpaka huo, lakini si lazima kuusujudia.

Zaidi ya hayo, chuo kikuu kimekwisha kuuvuka mara nyingi kilipopenda. Michoro ya Tshibumba Kanda Matulu, iliyouzwa kwa bei ndogo katika nyumba za watu wa Katanga miaka ya 1970, imeandikiwa vitabu. Cha Johannes Fabian kilitoka mwaka 1996. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Fabian alikuwa ametoa upya Vocabulaire ya mji wa Élisabethville, historia iliyopigwa chapa na André Yav mwaka 1965 katika Kiswahili ambacho mwalimu yeyote wa sarufi angelikisahihisha kwa wino mwekundu. Kazi hizi zilistahili heshima hiyo. Linalonishangaza ni kwamba katika nyumba zilezile, chini ya michoro ileile, palikuwa na vitanda, na juu ya vitanda palikuwa na nguo zilizoshonwa na wanawake. Hakuna aliyeinamisha macho. Mchoraji alitia sahihi, mshonaji hakutia. Nadhani sababu kubwa ni hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Mfarishi huu una urefu wa mita mbili kasoro, na upana wa mita moja na nusu. Mgongo wake ni magunia ya unga yaliyofumuliwa na kufuliwa mpaka maandishi yakabaki kivuli. Ndani mmejazwa blanketi kuukuu. Uso wake una safu saba za vipande ambavyo havilingani. Kila safu imenyooka kwa macho tu, si kwa rula. Katikati pana kipande cha amerikani, kitambaa ambacho jina lake bado linatukumbusha majahazi ya Salem yaliyokileta Zanzibar katika karne ya 19 na misafara iliyokisambaza bara. Kilikuwa cheupe, sasa kina rangi ya chai. Kukizunguka, mna bikwembe vya kila namna, kama tunavyoviita Katanga kwa kiambishi chetu cha bi-. Pindo la chini ni kaki ya suruali za babu, aliyefanya kazi katika reli inayotoka Kamina kupitia Kabongo kwenda Kabalo.

Kipande kimoja kinahitaji kusimamiwa. Kimetoka katika nguo ya chama kimoja cha taifa, MPR, iliyochapwa picha ya Rais Mobutu, nguo ambayo wakati ule wa uhalisi wanawake wengi waliivaa wakitaka au wasitake. Nkambo hakuitupa, maana ilikuwa pamba nzuri. Aliikata uso ukatoka, akabakiza kofia peke yake, na madoa ya chui yakakaa kando ya kitambaa kingine chenye madoa meusi juu ya njano. Ukiyaangalia kwa mbali huwezi kujua chui ameishia wapi. Sisemi kwamba hiyo ni siasa. Nasema kwamba ni uteuzi, na mhakiki anayekubali kwamba mshairi huteua vina hana haki ya kukataa kwamba mshonaji huteua madoa.

Uteuzi unaonekana wazi zaidi katika wekundu. Katika kila safu, kipande cha nne ni chekundu. Jicho linazoea, linaanza kukitarajia kama sikio linavyotarajia kituo cha mshororo. Lakini katika safu ya saba kipande cha nne ni buluu. Mwenzangu yule alisema kitambaa chekundu kilikwisha, na ni hoja nzuri, kwa sababu kazi ya viraka hutawaliwa na mabaki. Basi niliugeuza mfarishi. Nyuma, mahali palepale, juu ya gunia, pameshonewa kipande chekundu chenye ukubwa uleule, hakuna tundu chini yake, hakuna sababu ya kiraka. Kwa hiyo kitambaa hakikwisha. Alikikata, akakipeleka upande usioonekana. Mama mkubwa anasema safu ile ilishonwa mwaka alipofiwa na mtoto wa kiume. Hakuongeza neno, nami sikumdadisi. Kwangu inatosha kuthibitisha kwamba kuvunjika kwa mpangilio ni sehemu ya mpangilio.

Sitaki kuisifu kazi yote. Pembe ya chini kushoto ni dhaifu. Hapo nkambo alichanganya nailoni na pamba. Baada ya kufuliwa mara chache pamba ilisinyaa, nailoni ikabaki ilivyo, na safu mbili zimejikunja kama uso wa mtu aliyeonja ndimu. Bandi zake pia, ambazo mahali pengine ni fupi na za ukubwa mmoja, hapo ni ndefu na za haraka. Yaelekea alichoka, au macho yalikuwa yamekwisha kupungua.

Kuna swali la asili. Ushonaji kwa sindano ulifundishwa wanawake wetu na misheni, na katika miji ya migodi na ya serikali ulifundishwa katika vituo vya akina mama vilivyoanzishwa na Wabelgiji, ambako mke mwema alipimwa kwa soksi zilizotiwa viraka vizuri. Je, mfarishi huu ni somo la misheni lililokaririwa tu? Sidhani. Kuunganisha vipande si jambo geni katika nchi yetu. Uzi wa mwale hausokotwi. Hutumika jinsi ulivyotoka katika jani, kwa hiyo kipande kinachofumwa hakiwezi kupita urefu wa jani hilo. Anayetaka nguo kubwa lazima aunganishe. Vipande vya namna hiyo, vilivyoitwa madiba, vilitumika hata kama fedha kati ya Waluba na Wasonge. Kwa jirani zetu Wakuba wa Kasai, wanaume hufuma na wanawake hudarizi, na sketi zao ndefu zimejaa viraka vya kushonewa juu. Maelezo yanayorudiwa sana ni kwamba kitambaa kilitwangwa ili kilainike, kikatoboka, na kiraka cha kuziba tundu kikawa pambo; baadaye viraka vikatiwa hata pasipo tundu. William Sheppard, mmisionari Mwamerika mweusi aliyefika katika mji mkuu wa Wakuba mwaka 1892, alikusanya kazi zao ambazo sasa ziko Hampton, Virginia. Emil Torday alipeleka nyingine London mwaka 1908. Matisse alizitundika ukutani mwa chumba chake cha kazi.

Pwani nako simulizi ni ileile kwa sura nyingine. Inaelezwa kwamba katika karne ya 19 wanawake walinunua leso, neno walilotuachia Wareno, zikiwa bado mfululizo katika jora. Wakakata sita, wakazigawa tatu tatu, wakaziunga ubavu kwa ubavu wakapata nguo moja pana. Ndipo wafanyabiashara walipoanza kuchapa nguo nzima kwa mfano wa ile iliyoungwa. Kwa maneno mengine kanga, yenye pindo, mji na jina lake, ilianza kama kiraka. Tunapozihakiki kanga tunalisahau jambo hili haraka mno, na hapa ndipo penye lawama yangu kubwa. Orodha za majina ya kanga ni nyingi: maneno hukatwa kutoka kwenye nguo, hupangwa kwa alfabeti, hufasiriwa kama methali. Rangi haitajwi, wala mji, wala nani aliivaa mbele ya nani. Rose Marie Beck, katika kitabu chake cha Kijerumani cha mwaka 2001, hakufanya hivyo. Alionyesha jinsi mvaaji anavyosema bila kubanwa kuwa amesema. Wengi wetu hatujamfuata. Tena tukifika bara mbinu ya orodha inashindwa kabisa, kwa kuwa bikwembe havina maandishi. Majina yake hutolewa na wauzaji na wavaaji kwa midomo, kama wanawake wa soko la Lomé walivyoipa nguo moja ya Kiholanzi jina la Kifaransa lenye maana ya “mume wangu ana uwezo”. Nguo hiyo haikuandikwa kitu, lakini kila mtu aliisoma.

Mwanaisimu wa Katanga ana sababu yake ya kulitetea jambo hili. Tangu shule ya msingi tumeambiwa kwamba Kiswahili chetu ni lugha ya viraka: hapa Kiluba, hapa Kifaransa, hapa kiambishi kisichokubaliana na jina lake. Waliotuambia walidhani ni tusi. Wala sisemi kwamba kila mchanganyiko ni mzuri. Pembe ya chini kushoto ipo katika lugha pia. Ninachodai ni kwamba kiraka kina kanuni, na kanuni hiyo haionekani kwa anayehesabu vipande bila kutazama mishono.

Mwaka 2002, katika Jumba la Sanaa la Houston, Marekani, ilitundikwa mifarishi ya wanawake weusi wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama. Walikuwapo waliokimbilia kusema kwamba mistari ile imetoka Kongo moja kwa moja. Ushahidi ni mdogo, na uhitaji mmoja unaweza kuzaa mbinu moja mahali pawili. Lililo la maana kwangu ni kwamba kila kazi ilikuwa na jina la mshonaji wake, Loretta Pettway, Annie Mae Young, na wahakiki waliweza kumtofautisha mmoja na mwingine kama tunavyowatofautisha washairi.

Nimewalaumu wanaokata. Wachuuzi wa vitu vya kale hukata sketi za Wakuba zenye urefu wa mita kadhaa, wakatia vipande katika fremu, nasi tunasikitika. Lakini sina budi kueleza kilichotokea kwetu. Matanga ya nkambo yalipokwisha, mama mkubwa na mama wadogo watatu waliutandaza mfarishi uani, wakaukata vipande vinne. Nilipinga. Nilizungumza juu ya ukamilifu wa kazi, kwa maneno ambayo msomaji ameyaona hapo juu. Mama mdogo wa mwisho alinisikiliza mpaka nikamaliza, akaniuliza: “Mwanangu, unafikiri vitambaa hivi vilikuwa vya nani kabla havijawa mfarishi?” Kisha akaendelea na mkasi wake.

Mama yangu alipewa pembe ya chini kushoto. Ameifumua nailoni, na sasa anatafuta pamba ya kuziba pengo. Ameniomba shati langu la buluu.