Herufi Moja katika Kauli ya Ayubu

Katika Kitabu cha Ayubu, sura ya 13, aya ya 15, neno moja la Kiebrania limewatatiza wafasiri tangu kale. Maandishi yana lo iandikwayo kwa alefu, yaani kikanushi. Ilhali wanazuoni Wamasora, walioyahifadhi maandiko hayo baina ya karne ya 6 na ya 10, waliagiza pambizoni isomwe lo ya herufi vavu, yaani “kwake”. Masikioni hakuna tofauti. Kimaana zimeachana kama mbingu na ardhi. Ama Ayubu, hata akiuawa na Mungu, anamtumaini, ama hana tumaini lolote.

Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200, ilikiri kwamba mizani imelingana, ikatafuta hukumu katika sura ya 27, aya ya 5, ambapo Ayubu aapa kutouacha unyofu wake hadi kufa. Hoja hiyo ina uzito, lakini haikati shauri: unyofu si tumaini. Tena nusu ya pili ya aya yenyewe yamwonyesha Ayubu akishikilia kuitetea njia yake mbele ya Mungu. Asiye na tumaini naye aweza kudai haki, na ujasiri wake ndio mkubwa zaidi.

Mfasiri wa Kiswahili hana pa kujificha, kwani kitenzi chake lazima kiyakinishe au kikanushe. Yafaa basi ayafuate maandishi, na usomaji wa pambizoni auweke chini ya ukurasa. Akifuata pambizo pekee, atakuwa amempa msomaji Ayubu mtulivu, na kumnyima Ayubu anayebishana.