Macho Yanayoanzia Pembeni

Picha ya OPG, yaani picha ya mionzi inayoonyesha taya zima kwa pamoja, ikiwekwa kwenye kioo cha mwanga au ikifunguliwa kwenye kompyuta, jicho la mtu wa kawaida hukimbilia meno. Ndiyo yanayong'aa, na ndiyo yaliyoandikwa kwenye fomu: gego la mwisho, chini kushoto, linauma. Msomaji hodari wa picha hizi hulikwepa jino hilo kwa makusudi. Huanzia juu pembeni, kwenye kichwa cha taya kilichojificha mbele ya sikio, akashuka na ukingo wa nyuma wa taya hadi kwenye kona yake, akapita chini ya kidevu, akapanda upande wa pili. Kisha hutazama sainasi, sakafu ya tundu la jicho, pua, mfupa mdogo wa koo na pingili za shingo. Meno huja baadaye, na lile linalouma huja mwisho kabisa. Sababu ni kwamba jicho likishapata lilichotumwa huridhika, na likiridhika huacha kutafuta.

Nausifu ufundi huu kwa kuwa sijasikia ukisifiwa. Mpasuaji hushikwa mkono kwa shukrani, wengine huletewa hata kuku. Aliyeisoma picha, mgonjwa hajui hata kama yupo.

Picha yenyewe ni kitu cha ajabu. Taya limepinda, filamu imenyooka. Vipi uso mzima, kutoka sikio hadi sikio, ukunjuliwe kama mkeka? Mjapani Hisatugu Numata alilijaribu jambo hilo miaka ya 1930, lakini aliyelifanya likawa kazi ya kila siku ni daktari wa meno wa Helsinki, Yrjö Paatero, miaka ya 1940 na 1950. Mtambo huzunguka kichwa cha mgonjwa ukitoa mwali mwembamba wa mionzi kupitia ufa, huku kipokea picha nacho kikienda kwa mwendo uliopimwa, ili vilivyomo ndani ya tabaka moja lenye umbo la taya vitoke wazi na vingine vyote vififie. Zoezi zima huchukua takriban sekunde kumi na tano, na mionzi yake ni kidogo, kiasi ambacho mwili hupokea kutoka kwenye mazingira kwa siku chache.

Kwa kuwa ni tabaka hilo moja tu linalotoka wazi, kazi huharibika au hunyooka kabla ya daktari kugusa chochote. Niliwahi kukaa kando nikamtazama kijana wa chumba cha mionzi akimhudumia mama mtu mzima.

“Shikamoo bibi. Naomba uvue hereni, na kama una meno ya bandia uyatoe pia.”

“Marahaba. Sasa hereni zimekosa nini, mjukuu wangu? Mimi nimekuja na jino, sikio langu zima.”

Akamweleza kwa upole kwamba mtambo ukizunguka, hereni ya kushoto hutupa kivuli chake upande wa kulia, kikubwa, kilichofifia, juu kidogo ya mahali pake, kikaja kuficha mfupa ambao daktari anautaka. Bibi akavua. Kidevu kikainuliwa, kikashushwa kidogo. Ng'ata hapa kwa meno ya mbele, funga midomo, bandika ulimi kwenye kaakaa wala usiushushe. Ulimi ukilala, hewa iliyobaki juu yake huchora utepe mweusi juu ya mizizi ya meno ya juu, na asiyejua huenda akaita utepe huo ugonjwa. Kidevu kikiinama mno, safu ya meno hutoka kama tabasamu la kupita kiasi. Kikiinuka mno, hununa. Kijana yule hakuwa na haraka, na kwa maoni yangu nusu ya usomaji ilikuwa imeshafanyika mikononi mwake.

Sasa turudi kwa macho yale ya pembeni. Chini na nyuma ya kona ya taya, mahali ambapo pengine hapana kitu ila nyama ya shingo, mara nyingine huonekana vichembe vyeupe vyenye kingo zilizochakaa, kwenye usawa wa pingili ya tatu na ya nne. Mwaka 1981 Arthur Friedlander na mwenzake waliandika nchini Marekani kwamba vichembe vya aina hiyo vinaweza kuwa chokaa kwenye ukuta wa mshipa mkubwa unaopeleka damu ubongoni, hapo unapogawanyika. Mtu amekuja kung'olewa jino, anaondoka na barua ya kwenda kupimwa presha, sukari na mafuta ya damu, na mshipa wenyewe uangaliwe kwa ultrasaundi. Barua hiyo haisemi kwamba kiharusi kinakuja, na msomaji mwenye adabu haandiki hivyo. Anajua pia kwamba jirani na hapo zipo ncha za mfupa wa koo, gegedu dogo ambalo nalo hupata chokaa, tezi za zamani zilizokauka na vijiwe vya tonsili. Vyote hivyo ni vyeupe, na kila kimoja kina mahali pake. Kuvitenganisha ndiko kusoma.

Kuna vingine anavyoviona akaviacha. Mwaka 1942 Edward Stafne alieleza matundu meusi ya duara, karibu na kona ya taya, chini ya mfereji wa neva. Asiyeyajua ataogopa, pengine atataka kupasua. Kumbe ni bonde tu kwenye upande wa ndani wa mfupa, mara nyingi limejaa tishu ya tezi ya mate, na halihitaji tiba. Mwiba wa mfupa unaoshuka kutoka chini ya sikio nao unaweza kurefuka kupita kawaida. Watt Eagle aliandika mwaka 1937 juu ya maumivu ya koo na shingo yanayotokana nao, lakini wengi wenye mwiba mrefu wanakula, wanaimba na hawana habari nao. Kwa upande mwingine, duara jeusi linalozingira gego lililokwama ndani ya taya halifai kuachwa hivihivi kwa kuwa eti halijauma. Uvimbe mkubwa wa taya huweza kukua miaka mingi bila kuuma, na aliyeuona ungali mdogo kama punje ya mahindi amemwokolea mtu nusu ya uso.

Kiungo cha taya ndicho kinachoupima ufundi huu kuliko vyote. OPG huonyesha mfupa. Diski laini iliyo kati ya kichwa cha taya na fuvu haionyeshi kabisa. Kichwa kilichobapa kinaweza kuwa cha mtu anayetafuna mua bila taabu, na mwenye maumivu makali akawa na mfupa unaopendeza. Wakitaka kutibu maumivu hayo, miaka ya 1980 madaktari waliondoa diski nyingi wakaweka vipande vya plastiki badala yake. Vipande vikasagika, mwili ukapambana navyo, mfupa ukaliwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikaondolewa sokoni huko Marekani. Mwaka 1991 Dorrit Nitzan na wenzake wakachapisha njia iliyo kinyume chake: sindano mbili, maji ya kuoshea kiungo, basi. Mimi naiona njia hiyo kuwa ya ustadi zaidi kuliko operesheni nyingi za saa sita.

Lakini wapo wasio na hiari ila kupasuliwa. Mtoto anaanguka kidevu kikapiga sakafu, kichwa cha taya kinavunjika ndani ya kiungo, damu inaganda humo, na taratibu mfupa unaungana na fuvu. Mdomo haufunguki. Kidevu hakikui. Hata kumlaza usingizi ni kazi, maana mpira wa kupumulia unapitishwa puani, mara nyingi angali macho, kwa kamera nyembamba. Kisha mpasuaji anachana mbele ya sikio, akijua walichokipima Al-Kayat na Bramley mwaka 1979: matawi ya neva ya kufumba jicho na kuinua nyusi hukatiza mfupa wa shavu milimita 8 hadi 35 mbele ya tundu la sikio. Ndani zaidi kuna mshipa unaotoa damu kwa nguvu ukikatwa, na juu ni mfupa mwembamba sana, halafu ubongo. Anakata mfupa ulioungana, anaweka kipande cha msuli katikati, pengine anajenga kichwa kipya kwa ubavu wa mtoto mwenyewe. Hafungi jeraha mpaka mdomo ufunguke milimita 35 au zaidi.

Baada ya hapo kazi inahamia nyumbani. Mfupa hupenda kuungana tena, kwa hiyo mtoto huwekewa vijiti bapa vya kukandamizia ulimi kati ya meno, kimoja juu ya kingine, mara kadhaa kwa siku, kwa miezi. Inauma, naye huvichukia. Mpasuaji ambaye hakumkalisha mama kabla ya operesheni akamfundisha namna ya kuongeza kijiti kimoja na mtoto akiwa analia, ameacha nusu ya operesheni mezani.