Sentensi Isiyo na Mtenda: Kuisoma Fani ya Hoja ya Usalama wa Nyuklia

Hoja ya usalama ni utanzu wa maandishi ambao wahakiki hawaugusi. Haufundishwi shuleni, hauuzwi madukani, na wengi wanaouandika hawajihesabu kuwa waandishi. Lakini nchini Uingereza hakuna anayeruhusiwa kuendesha kituo cha nyuklia bila leseni, na leseni hiyo hubeba masharti 36. Kwa masharti hayo mwenye kituo analazimika kueleza kwa maandishi, na kwa ushahidi, kwa nini mtambo wake ni salama na mipaka ya usalama huo iko wapi. Mdhibiti husoma, huuliza, hukataa au hukubali. Uhai wa wafanyakazi na majirani hutegemea maandishi hayo yamesema nini, na vilevile yamesemaje. Hili la pili ndilo linalonishughulisha: muundo, nafsi, njeo, na mgao wa kurasa.

Tuanze na muundo. Hoja ya usalama huanzia mwisho. Juu kabisa huwekwa dai kuu kwamba mtambo huu unaweza kuendeshwa kwa usalama. Chini yake dai hilo hugawanyika kuwa madai madogo, kila dai dogo hubebwa na hoja, na kila hoja hutua juu ya ushahidi: hesabu ya mhandisi, jaribio la vali, rekodi ya ukaguzi. Umbo hili lina deni kwa mwanafalsafa Stephen Toulmin, ambaye mwaka 1958 alichambua namna watu wanavyohojiana katika maisha halisi, mahakamani kwa mfano, badala ya kufuata kanuni za mantiki ya vitabuni. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha York waliliwekea visanduku na mishale, na leo hoja nzima huweza kuchorwa ukutani ikashuka ngazi kwa ngazi kama ukoo.

Umbo hili lina nguvu ya kweli. Msomaji anaweza kushika uzi wowote na kuufuata hadi chini, aone kama kuna kitu kimeushikilia au unaning'inia tu. Udhaifu wake unatoka hapohapo: mwandishi ametoa hukumu kabla ya kuita mashahidi. Mwaka 2011 Nancy Leveson wa chuo cha MIT aliandika kuhusu hatari hiyo. Anayetumwa kutafuta ushahidi wa usalama ataupata, na ushahidi wa kinyume utampita bila yeye kuuona. Alipendekeza mwandishi atafute jinsi mtambo unavyoweza kudhuru. Nakubaliana naye, na ningependa pendekezo lake liingie katika fani yenyewe: kila dai kubwa lifuatwe papo hapo na sentensi inayoanza kwa maneno “dai hili litavunjika iwapo”. Mwandishi asiyeweza kuikamilisha sentensi hiyo hajaielewa hatari anayoiandikia.

Uhakiki mkali kuliko wote wa fani hii haukutoka kwenye nyuklia. Tarehe 2 Septemba 2006 ndege ya kijeshi ya Uingereza aina ya Nimrod ilishika moto karibu na Kandahar, Afghanistan, na watu wote 14 waliokuwamo wakafa. Ndege hiyo ilikuwa na hoja yake ya usalama, iliyoandikwa miaka michache tu kabla. Mwanasheria Charles Haddon-Cave aliisoma neno kwa neno, na ripoti yake ya mwaka 2009 ni kazi ambayo mhakiki yeyote wa fasihi angejivunia. Alionyesha kwamba waandishi waliingia kazini wakiamini tayari kuwa ndege iliyoruka miaka 30 haiwezi kuwa na kasoro kubwa. Alionyesha kuwa takriban 40% ya hatari zilizoorodheshwa ziliachwa bila kufungwa, huku kazi ikitangazwa kuwa imekamilika. Hatari iliyowaua watu wale ilikuwa ya aina ambayo usomaji makini ungeibua: fueli inayovuja karibu na bomba la hewa ya moto.

Haddon-Cave akapendekeza sifa 6 za maandishi haya. Yawe mafupi. Yaandikwe nyumbani, yaani na wale wanaoishi na mtambo wenyewe. Yafikike. Yalingane na uzito wa hatari. Yaeleweke. Yasirundike makaratasi. Ukiziangalia vizuri, hizi ni sifa za mtindo. Mwanasheria aliyechunguza vifo vya watu 14 alifikia mkataa kwamba sehemu ya tatizo ilikuwa uandishi mbaya. Watu wa nyuklia Uingereza waliichukua orodha hiyo kwa uzito, kwa sababu kabati zao zilikuwa zimejaa majuzuu ambayo opereta wa zamu ya usiku hakuwa na njia ya kuyatumia.

Sasa tushuke kwenye sentensi. Nitatunga moja, na aliyewahi kusoma maandishi ya aina hii ataitambua: “Uvujaji wowote utagunduliwa na hatua zitachukuliwa.” Sentensi inatuliza, na kila neno lake linaweza kuwa kweli. Lakini vitenzi vyote viwili viko katika kauli ya kutendwa, na hakuna mtenda hata mmoja. Nani atagundua? Kwa kuangalia nini, saa ngapi? Atachukua hatua gani, na je, ana mamlaka ya kuzichukua bila kuomba ruhusa? Kauli ya kutendwa imemwondoa mtu kwenye chumba, nasi hatukuona akitoka.

Kilichotokea Sellafield, pwani ya Cumbria, kinaonyesha pengo hilo linaweza kuwa na ukubwa gani. Kiwanda cha Thorp, kilichochakata upya fueli iliyotumika, kilianza kazi mwaka 1994. Ndani yake kulikuwa na matangi yaliyoning'inizwa ili yaweze kupimwa uzito, na kule kutikisika kwao kazini kulilichosha bomba moja hadi likakatika. Asidi ya nitriki yenye fueli iliyoyeyushwa ilimwagika ndani ya chumba cha zege ambacho hakuna binadamu anayeweza kuingia. Uvujaji ulianza mwaka 2004, ukagunduliwa Aprili 2005 kamera ilipoteremshwa ndani. Kufikia hapo mita za ujazo 83 za kiowevu zilikuwa sakafuni, zikiwa na tani zipatazo 20 za uraniamu na kilo 160 hivi za plutoniamu.

Hakuna aliyeumia, na hakuna kilichotoka nje, kwa sababu chumba kilikuwa kimetandikwa chuma cha pua kwa ajili ya siku kama hiyo. Hilo lazima lisemwe kwa haki: sehemu ya hoja iliyohusu kuta ilisimama. Sehemu iliyohusu watu ndiyo iliyoanguka. Kidimbwi cha kukusanyia umajimaji kilikuwapo. Kipimio chake kilikuwapo, ingawa hakikuaminika tena na ishara zake zilikuwa zimezoeleka. Sampuli zilichukuliwa na zikaonyesha kuwa kitu hakiko sawa, lakini kazi ikaendelea. Waliosababisha kamera iteremshwe ni wahasibu wa nyenzo za nyuklia, waliokuta hesabu ya kilichoingia hailingani na ya kilichopita. Mwaka 2006 mahakama ilimtoza mwendeshaji faini ya pauni 500,000 kwa kuvunja masharti ya leseni.

Chukua sasa sentensi yetu uiandike upya. “Opereta wa zamu husoma kipimio cha kidimbwi mwanzoni mwa zamu na kuandika namba. Kikipita alama iliyowekwa, husimamisha upitishaji yeye mwenyewe kisha humwita msimamizi. Kipimio kikiharibika, upitishaji husimama mpaka kitengenezwe.” Ni ndefu zaidi mara kadhaa. Wanaodai ufupi wasije wakaikata, kwa sababu hapa ndipo maneno yanapostahili kutumika. Mtu amerudi chumbani, ana jicho, kalamu na mamlaka. Na kifaa kimepewa haki ya kusimamisha kiwanda kinapougua, jambo ambalo sentensi ya kwanza haikuliwazia.

Hata hivyo toleo hili jipya nalo lina kasoro, na Kiswahili kinatusaidia kuiona. Vitenzi vyake vikuu vimebebwa na hu-, njeo ya mazoea, ambayo haichukui kiambishi cha nafsi wala haina tarehe. Husoma, husimamisha, humwita: leo, mwakani, daima, iwapo kila kitu kitakwenda kama kilivyopangwa. Hu- inaahidi. Ushahidi unahitaji -li-: kipimio kilisomwa, kilijaribiwa, kilikutwa kimeharibika, kilibadilishwa, na haya ndiyo majina ya waliofanya. Hoja nzuri ya usalama huzikutanisha njeo hizi mbili ukurasa kwa ukurasa. Pale Thorp ziliishi katika majengo tofauti. Ahadi ilikuwa kwenye hati, na rekodi iliyoikana ahadi hiyo ilikuwa kwenye daftari la zamu, bila msomaji mmoja aliyeshika zote mbili kwa wakati mmoja.

Mgao wa kurasa ndio eneo ambalo waandishi wengi wa fani hii hushindwa. Kiolezo cha kampuni huwapa vichwa vilevile kwa kila hatari: maelezo, chanzo, kinga, tathmini, hitimisho. Mtu anayeweza kuteleza ngazini anapata kurasa 3, na mrundikano wa plutoniamu unaoweza kuanzisha mmenyuko wa nyuklia wa mfululizo unapata kurasa 3. Ukurasa unapendeza kwa usawa wake, ila usawa huo unamdanganya msomaji kuhusu mahali pa kuogopa.

Sheria ya Uingereza yenyewe haina usawa wa namna hiyo. Mwaka 1949 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya mchimbaji wa makaa ya mawe aliyeuawa njia ya mgodini ilipoporomoka. Majaji walisema hatari iwekwe upande mmoja, na gharama, muda na usumbufu wa kuiondoa upande mwingine, na mwajiri asisamehewe mpaka gharama iwe imeizidi hatari kupita kiasi. Mizani hiyo imeegemezwa kwa makusudi upande wa anayeweza kuumia. Baada ya uchunguzi wa hadhara juu ya kinu cha Sizewell B, mamlaka ya usalama kazini ilitoa mwaka 1988 mwongozo uliotia namba: nafasi 1 kati ya 1,000 kwa mwaka ya mfanyakazi kufa ndiyo kikomo cha juu, na nafasi 1 kati ya 1,000,000 ni hatari ambayo watu kwa kawaida hawaijali. Mwandishi angezichukua namba hizo kama kipimo cha pumzi. Karibu na kikomo cha juu akae, aeleze, arudie kwa njia nyingine, aitishe ushahidi wa pili. Karibu na chini aandike aya moja na kusonga mbele. Hiyo ndiyo maana ya uwiano, na inadai ujasiri, kwa kuwa aliyeandika aya moja anaweza kuulizwa kwa nini hakuandika kumi.

Uwiano usipimwe kwa ukubwa wa jengo. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazili, mashine ya tiba ya mionzi iliyotelekezwa katika kliniki iliyohama ilibebwa na waokota vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa sesiamu-137 usiofika gramu 100. Watu 4 walikufa na 249 walikutwa na uchafu wa mionzi mwilini au kwenye vitu vyao. Kliniki haihitaji majuzuu ya kinu cha umeme, lakini sentensi moja ilihitaji mtenda mwenye jina: nani anaondoka na mashine siku kliniki inapofungwa?

Sellafield inatoa fundisho jingine la fani, linalohusu wakati. Kuna maghala pale ya miaka ya 1950 na 1960 ambamo maganda ya fueli yalimwagwa bila mpango wa kuyatoa. Ghala moja lililojaa maji na vipande vya magnesi huzalisha hidrojeni, na limekuwa likivuja ardhini. Kila mashine ya kutolea taka hizo ilihitaji hoja yake. Hoja ikidai mashine iwe kamilifu kama ya kiwanda kipya, mashine inachelewa miaka, na ghala linazidi kuzeeka. Hoja za kawaida huandikwa kana kwamba mtambo umesimama nje ya wakati: hali ilivyo leo ndiyo salama, na mabadiliko ndiyo hatari. Kwa ghala linalovuja, kusubiri nako ni kitendo, na kina hatari yake inayopanda kila mwaka. Mdhibiti na mwendeshaji walipokubali kuiweka hatari ya kusubiri kwenye mizani ileile, suluhu rahisi zaidi zikapata nafasi. Taka za kwanza zikaanza kutolewa katika ghala hilo mwaka 2022, na katika jingine la zamani zaidi mwaka 2023. Kwa jicho la mhakiki, hadithi ilipewa msuko mpya ambamo kutotenda hakukuwa tena mahali pa kujificha.

Haya yanatugusa sisi pia. Kinshasa ilikuwa na kinu cha utafiti tangu mwaka 1959, cha kwanza barani Afrika. Kenya ina sheria ya udhibiti wa nyuklia ya mwaka 2019, na mpango wa kinu cha umeme uliozungumzwa kwanza kwa ajili ya Uyombo, Kilifi, ukapingwa vikali na wakazi, kabla macho hayajageukia Siaya. Kinu kikijengwa, hoja yake ya usalama huenda ikaja pamoja na mtambo, imeandikwa kwingine, na sifa ile ya kuandikwa nyumbani itakuwa ya kwanza kupotea. Wananchi watapewa kijitabu chenye picha za kutia moyo. Wasiridhike nacho. Wadai kiambatisho ambacho kwa desturi huwekwa mwisho kabisa wa majuzuu, yaani orodha ya dhana: mambo yote ambayo mwandishi ameyachukulia kuwa kweli ili dai lake kuu lisimame, kuanzia kimo cha mawimbi hadi idadi ya watu wa zamu na dakika za gari la zimamoto kufika. Orodha hiyo iletwe mbele, iandikwe kwa Kiswahili cha opereta na cha mvuvi, kila sentensi ikiwa na mtenda wake, isomwe barazani, na majibu ya wanaoijua bahari au ziwa yaingizwe ndani ya hoja yenyewe kabla mdhibiti hajatia saini.