Wema na Mali: Neno 'Good' katika The Merchant of Venice

Mwanafunzi anayeanza Kiingereza hukutana na neno 'good' katika masomo ya mwanzo kabisa, na aghalabu huambiwa kwamba maana yake ni 'zuri'. Fasiri hiyo humtosha akitaja chakula, kalamu au hali ya hewa. Haimtoshi aingiapo katika The Merchant of Venice, tamthilia ya Shakespeare iliyopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1600. Humo neno hili dogo limebeba sehemu kubwa ya mgogoro, na mfasiri alipitiaye kwa pupa huuharibu mchezo kabla haujakolea.

Mahali penyewe ni onyesho la tatu la tendo la kwanza. Bassanio anataka kukopa dukati 3,000 kwa miezi mitatu, na atakayefungwa na deni hilo ni rafiki yake Antonio. Shylock anatamka kwamba Antonio ni mtu 'good'. Bassanio anasikia sifa ya tabia, na anauliza kama yupo aliyewahi kumshutumu rafikiye kwa kinyume chake. Shylock anamsahihisha: alichokusudia ni kwamba Antonio ana uwezo wa kulipa. Papo hapo anaanza kuzihesabu merikebu za Antonio zilizotawanyika baharini, na hatari zinazozikabili huko. Hakuna kati yao aliyekosea Kiingereza. Mmoja amelitumia neno kama litumikavyo katika biashara, mwingine amelisikia kama lisikiwavyo baina ya marafiki.

Mchezo hauliachi neno hapo. Katika tendo la tatu zinapoenea habari za hasara, Antonio anaanza kuipoteza sifa ile aliyopewa na Shylock. Lakini ni wakati huo huo ambapo rafiki yake mmoja anamlilia kwa neno lile lile, safari hii kwa maana ya wema wa moyo. Maana moja inashuka na nyingine inapanda, mfano wa vitanga vya mizani. Kisha, katika tendo la nne, Portia anapomwonya Shylock kuhusu mali itakayotwaliwa na dola, linasikika neno 'goods'. Yawezekana kusemwa kwamba hilo ni neno la kawaida la sheria. Hata hivyo mtazamaji aliyeusikiliza mchezo tangu mwanzo hawezi kukosa kuhisi kwamba aliyempima mwenzake kwa mali sasa naye anapimwa kwayo.

Kiswahili kinamtaka mfasiri achague. '-zuri' huelekea umbo na ubora. '-Ema' huelekea mwenendo. Ni kweli kwamba methali husema 'chema chajiuza, kibaya chajitembeza', na hapo wema ni wa bidhaa. Lakini '-ema' ikishafungamana na mtu, biashara hutoka. 'Mtu mwema' hawezi kuwa na maana ya mtu mwenye uwezo wa kulipa. Mfasiri akiandika hivyo, maelezo ya Shylock yatakuwa kama kigeugeu cha mtu anayeufanyia wema mzaha. Akiandika 'mtu mwenye mali', swali la Bassanio litakosa msingi, kwa kuwa hakuna aonaye utajiri kuwa jambo la kutetewa dhidi ya shutuma. 'Muungwana' nalo halifai, ingawa limechanganya hadhi na adabu. Hadhi yake ni ya nasaba, si ya fedha, na methali 'muungwana ni kitendo' imekwisha kulivuta upande wa mwenendo.

Neno linalokaribia zaidi ni 'mtu wa kuaminika'. Muuza duka asemapo kwamba fulani anaaminika, aghalabu huwa na maana kwamba anaweza kukopeshwa. Jirani asemapo hivyo, huwa anausifu ukweli wake. Antonio akiitwa hivyo, Bassanio ana haki ya kusikia tabia na Shylock ana haki ya kukusudia deni. Kasoro yake ni kwamba halitafika mbali. Halitaweza kurudi mahakamani katika sura ya mali, na hapo mfasiri hana budi kukubali hasara.

Jambo hili si la kamusi peke yake. Fasiri inayotenga wema na mali humfanya Shylock aonekane kuwa mtu pekee katika Venisi aliyezoea kumthamini binadamu kwa fedha, na kosa hilo likishakuwa lake peke yake, ni rahisi kulitwika kabila lake na dini yake. Kiingereza cha tamthilia hakisemi hivyo. Neno ni la mji mzima, na Bassanio mwenyewe anakopa kwa nguvu ya jina la Antonio.

Julius Nyerere alipoitoa tafsiri yake mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Kiingereza kinataja mfanyabiashara mmoja. Kiswahili kinataja wengi. 'Bepari', neno lenye asili ya Bara Hindi, lilimtaja mfanyabiashara kabla ya kuwa jina la mwenye mtaji anayenyonya, na maana zote mbili zinasikika katika anwani hiyo. Wingi huo waweza kulaumiwa kwa kuliacha neno la asili. Lakini umeulinda ukweli ambao neno 'good' linauficha: katika mji huo, aliyekopesha na waliokopa walitumia mizani moja.