Baridi Inayokula Mafuta

Dar es Salaam haina baridi, lakini barabara zake zina injini nyingi zinazofanya kazi kabla hazijapata moto wa kutosha, na wenye magari hulipia baridi hiyo kila waingiapo sheli. Chanzo ni kifaa kidogo kinachoenea kiganjani, themostati, ambacho mafundi wengi hukitoa gari linapochemsha na kukitupa. Leo tunachambua gari moja lililopita njia hiyo: tatizo lilivyosakwa, na mafuta yaliyokuwa yakipotea yalivyorudi bila kununua dawa ya kumimina kwenye tanki wala kifaa cha “kubana mafuta”.

Gari ni Toyota IST ya kizazi cha kwanza, kile kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 2002. Injini ni 2NZ-FE ya lita 1.3, gia boksi ni otomatiki, na kazi yake ni kubeba abiria mjini. Malalamiko ya dereva ni yale yanayosikika kila kijiwe: linakula mafuta, halichanganyi, na taa ya injini haijawaka. Kabla ya hapo lilikuwa limebadilishiwa plagi, limeoshwa nozeli na kuwekewa ea klina mpya. Pesa zilitoka, ulaji ukabaki pale pale.

Kipimo kabla ya spana

Dereva anayejaza mafuta ya elfu kumi asubuhi na ya elfu kumi na tano jioni hawezi kujua gari lake linakula kiasi gani. Anachojua ni kwamba pesa zimekwisha. Geji nayo haisaidii sana. Mshale wake hufuata boya lililo ndani ya tanki, na kuta za tanki hazijanyooka, kwa hiyo robo ya juu na robo ya chini hazilingani kwa lita.

Njia ya kuaminika haina gharama. Jaza tanki mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, usiongezee hata tone. Rudisha kipima safari kwenye sifuri. Tumia gari kama kawaida mpaka tanki likaribie kuisha, kisha rudi kwenye pampu ile ile na ujaze vile vile. Gawanya kilometa kwa lita. IST yetu ilitoa kilometa tisa na nusu kwa lita. Namba hiyo isilinganishwe na ya kwenye kitabu cha Kijapani. Magari ya miaka ile yalipimwa kwa utaratibu wa 10-15, juu ya roli za maabara, AC ikiwa imezimwa na bila foleni ya Ubungo. Kinachofaa kulinganishwa ni gari na lenyewe, kabla na baada ya kila marekebisho.

Kwa sababu hiyo kazi ilifanywa kwa hatua, jambo moja kwa wakati. Ukibadilisha vitu vinne siku moja na ulaji ukapungua, hutajua ni kipi kilichokusaidia na vipi vitatu ulivyonunua bure.

Tulianza na vya bure. Matairi yalikuwa yamepungua upepo ukilinganisha na kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Hilo lina athari, ila si kubwa kama inavyosemwa: idara ya nishati ya Marekani inakadiria hasara ya asilimia 0.2 kwa kila psi moja inayopungua. Breki zilikuwa na habari nzito zaidi. Gari lilipoinuliwa kwa jeki, gurudumu la mbele kushoto lilikataa kuzunguka kwa mkono. Pini za kalipa zilikuwa zimekauka grisi na pedi zilikuwa zikishika muda wote. Zilisafishwa, zikapakwa grisi ya breki, gurudumu likazunguka. Tanki lililofuata lilitoa kilometa kumi na kidogo. Afadhali, lakini mwizi mkuu alikuwa bado ndani.

Joto linalokataa kupanda

Chini ya dashibodi kuna soketi ya pini 16. Mashine ya kupimia ilichomekwa hapo, gari likatoka barabarani, na macho yakawa kwenye mstari mmoja tu: joto la maji ya injini. Kwenye foleni ya makutano ya Morocco lilisogea taratibu mpaka karibu na nyuzi 80. Gari liliposhika Barabara ya Bagamoyo na upepo kuanza kupenya kwenye rejeta, joto lilishuka hadi sitini na kitu, na likabaki huko. Injini ilikuwa ikifanya kazi kubwa zaidi huku ikipoa. Injini nzima haifanyi hivyo.

Huenda sensa ilikuwa ikisema uongo. Sensa ya maji ya Toyota za aina hii hupimika kwa mita ya kawaida ya fundi umeme: ukinzani wake huwa karibu kilo-om mbili na nusu kwenye nyuzi 20, na hushuka hadi karibu theluthi moja ya kilo-om kwenye nyuzi 80. Ilipimwa, ikaonekana ni nzima. Kumbe ndiyo maana taa ya injini haikuwaka. Kompyuta iliambiwa kwamba maji yana nyuzi 65, habari hiyo ilikuwa ya kweli, nayo ikatii.

Jaribio la mwisho halihitaji mashine. Asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, iliwashwa na mkono ukawekwa kwenye hozi ya chini ya rejeta. Themostati ikiwepo, hozi hiyo hubaki baridi mpaka injini ipate moto, kisha hupata moto kwa ghafla. Hapa ilianza kuwa vuguvugu mapema na kupanda polepole pamoja na ile ya juu. Nyumba ya themostati ilipofunguliwa ilikuwa tupu.

Kwa nini hutolewa

Dereva alikumbuka gari lilivyochemsha zamani kidogo, fundi akatoa themostati na gari likaacha kuchemsha. Maelezo aliyopewa yanafahamika gereji nyingi: themostati ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi.

Hesabu inakataa. Hewa ya Dar es Salaam siku ya joto kali huwa nyuzi 32 au 33. Themostati ya injini hii huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Kutoka 33 hadi 82 ni safari ndefu, na bila kizuizi rejeta huirudisha nyuma injini kila gari linapopata upepo. Ndani ya themostati kuna nta iliyofungiwa kwenye kikombe cha chuma. Ikiyeyuka hutanuka, husukuma kijiti, na mlango wa maji ya rejeta hufunguka; ikipoa, springi huufunga. Ubunifu huo wa nta uliletwa na Sergius Vernet nchini Marekani katika miaka ya 1930, na hauhitaji umeme wala kompyuta.

Baridi hula mafuta kwa njia tatu. Ya kwanza ni mchanganyiko. Petroli huungua vizuri ikipata hewa mara 14.7 ya uzito wake, lakini kwenye injini isiyo na moto sehemu ya petroli hunata ukutani badala ya kugeuka mvuke, hivyo kompyuta huongeza dozi kila unapokanyaga. Ya pili ni oili, ambayo hubaki nzito na kuzikaba sehemu zinazozunguka, hasa kwa wanaomimina oili nzito kwa imani kwamba ndiyo imara. Ya tatu wengi hawaijui: kwenye gia boksi nyingi za otomatiki za Toyota, kompyuta huzuia gia ya juu kabisa na kufungamana kwa konveta mpaka maji yafikie joto fulani. Injini inapozungushwa zaidi kuliko inavyohitajika kwa mwendo ule ule, kila kilometa hugharimu zaidi.

Madhara hayaishii kwenye tanki. Petroli isiyoungua huteremka kwenye oili na kuichakaza, na nyingine hufika kwenye masega ya sailensa na kuyaharibu. Siku masega yatakapoziba, atatokea fundi mwingine wa kushauri yatolewe nayo.

Kurudisha, kwa mpangilio

Kurudisha themostati peke yake kungelirudisha gari kwenye kuchemsha, kwa sababu chanzo cha kwanza hakikuwahi kutafutwa. Kilitafutwa sasa. Rilei ya feni ilikuwa ikigoma mara kwa mara, na rejeta ilikuwa na kutu na magadi ya maji ya kisima yenye chumvi yaliyoongezwa miaka yote. Rilei ilibadilishwa na rejeta ikasafishwa. Mfuniko wake nao ulibadilishwa, maana ndio unaoshikilia shinikizo na kuyafanya maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Safari hii ilijazwa kulanti, si maji ya bomba.

Themostati mpya ilijaribiwa kabla ya kufungwa, jambo linalochukua dakika chache na kuokoa aibu. Inaning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji bila kugusa kitako, kipimajoto kikiwa kando yake, na moto unawekwa mdogo. Inatakiwa ikae imefunga kabisa, ianze kuachia kwenye joto lililogongwa kwenye mwili wake, na maji yakifika nyuzi 95 iwe imefunguka milimita nane au zaidi. Isipofunguka, irudi dukani. Wakati wa kufunga, kipini kidogo kinachocheza kwenye ukingo wa themostati kilielekezwa juu ili hewa ipate pa kutokea. Kisha injini iliachwa ikinguruma mfuniko ukiwa wazi, hita ikiwa kwenye moto, mpaka mapovu yakaisha na feni ikawaka na kuzima yenyewe.

Barabara ya Bagamoyo ile ile, joto sasa lilisimama kwenye themanini na kitu bila kuyumba. Mizunguko ya injini ilishuka kwa mwendo ule ule, na tanki lililofuata lilitoa kilometa kumi na moja na nusu kwa lita.

Kwa gari linalotembea kilometa 1,500 kwa mwezi, kutoka kilometa 9.5 hadi 11.5 kwa lita ni kushuka kutoka lita 158 hadi lita 130. Lita ikiwa shilingi 3,000, zinabaki mfukoni zaidi ya shilingi 80,000 kila mwezi. Bei ya pampuni hupangwa kwa ukomo unaotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na dereva hana la kufanya juu yake. Idadi ya lita iko mikononi mwake.

Pesa zilizotumika mwanzoni nazo zinafundisha kitu. Ea klina ndiyo hubadilishwa kwanza, ilhali maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilionyesha mwaka 2009 kwamba kwenye injini za petroli za kisasa zenye nozeli, ea klina chafu hupunguza nguvu ya kuchanganya zaidi kuliko inavyoongeza ulaji. Ibadilishe kwa ajili ya uhai wa injini, usitarajie lita.

Kwa hiyo unaponunua gari lililotumika, au linapotoka gereji baada ya kuchemsha, muulize fundi swali moja: kuna kitu ulichokitoa na hukukirudisha? Akisema themostati, mwambie airudishe na atafute kilichochemsha. Yeye hulipwa mara moja kwa kuitoa. Wewe utalipa kila ukijaza.