Dai Linalozaa Hoja

Mwanafunzi wa Lubumbashi hafiki chuo kikuu bila kupitia insha. Kwenye Mtihani wa Taifa, wanaouita Exetat, huketi na kuandika insha ya Kifaransa: utangulizi, maendelezo, hitimisho. Umbo hilo ameshalihifadhi kichwani. Ufundi huanza anapogundua kwamba maendelezo si kapu la kujazwa, kwamba dai lililokaa sawa hutaja lenyewe hoja linazozihitaji.

Tuitazame kazi hiyo kwenye riwaya ya mtoto wa mji huu. Fiston Mwanza Mujila alizaliwa Lubumbashi mwaka 1981, naye anaishi Graz, Austria. *Tram 83* yake ilitoka Paris mwaka 2014. Lucien, mwandishi, anashuka kwenye stesheni ya mji wa migodi uitwao Mji-Nchi, na maisha ya mji huo yote yanaishia katika baa moja iliyokipa kitabu jina lake.

Dai linalomjia kwanza karibu kila msomaji ni kwamba riwaya inaonyesha ugumu wa maisha katika mji wa madini. Ni kweli, na hapo ndipo penye tatizo.

"Mwanangu, sentensi hii nani ataikataa?" asistanti makini wa chuo humuuliza mwanafunzi.

"Hakuna, Asistanti."

"Basi bado hujadai kitu."

Dai lisilo na mpinzani huzaa mifano tu: mgodi, magendo, ukahaba. Ipange hata hamsini, fikra haisogei.

Fundi hulibana dai lake. Ugumu huo unaonekana wapi katika sentensi zenyewe? Akirudi kitabuni anakuta jambo dogo lisilokoma: watu wanazungumza, na katikati ya maneno yao mwanamke wa baa anapenyeza swali la kuuliza saa. Swali hilo ni chambo cha biashara. Mazungumzo yanakatika, yanaendelea, yanakatika tena. Sasa dai linapata meno: katika Mji-Nchi wakati ni bidhaa, kwa hiyo Lucien, anayeutaka wakati ili aandike tu, ni mtu wa hasara.

Dai hili linaweza kupingwa, na tayari limejigawa. Linataka kwanza ithibitishwe kwamba wakati unakatwa vipande, na hapo swali la saa linatosha likisomwa kwa utulivu katika kurasa mbili tatu. Kisha linataka tujue anayefaidi, naye ni Requiem, rafiki wa zamani wa Lucien, mtu wa magendo ambaye haoni dakika isiyo na dili. Mwisho linauliza mwandishi analipa nini. Malingeau, mchapishaji kutoka Uswisi, anamtaka Lucien apunguze wahusika katika andiko lake la jukwaani.

Mpangilio huo ndio unaonifurahisha. Mtangulize Malingeau, na ombi lake litasomeka kama ushauri wa kawaida wa uhariri. Mweke baada ya swali la saa na dili za Requiem, na ombi lilelile linakuwa bei: hata karatasi ya Lucien imeanza kupimwa kwa mizani ya baa. Hoja zinazoweza kubadilishana nafasi bila kuumiza chochote bado ni orodha.

Aliye hodari haishii hapo. Anautafuta ushahidi unaomkataa, na kitabu kinao tele. Makelele yanayomkwamisha Lucien ndiyo yaliyompa Mwanza Mujila mdundo: orodha ndefu za watu wa baa, swali linalorudi kama kiitikio, sentensi zinazopumua kama saksafoni. Kama Mji-Nchi unaua maandishi, kitabu tulichoshika kimetoka wapi? Mwoga atalificha swali hilo. Hodari analitengea aya nzima, halafu analirekebisha dai: Mji-Nchi unamkwamisha mwandishi anayetaka kuandika kana kwamba makelele hayapo, na unamlipa anayekubali kukatizwa hadi mkatizo uwe mtindo.

Dai hilo halikuwepo siku ya kwanza, wala lisingepatikana kwa kukaa na kuwaza tu. Ndiyo maana mafundi wa kazi hii huandika utangulizi mara mbili: mara ya kwanza wapate pa kuanzia, mara ya pili baada ya hoja kuwafundisha walichokuwa wanadai.